Bastola ya Heshima Haifungiwi

Kach.

Tunu alisimamisha mkono juu ya ungo. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, kama ilivyo desturi ya kila Jumatano, na jikoni hapakuwa na mwanga ila wa makaa mawili matatu yaliyokuwa yakififia chini ya sufuria ya maharage. Alikuwa akichambua mchele kwa kupapasa, akitoa mawe kwa ncha za vidole.

Kach. Tena.

Ilikuwa sauti ndogo, kavu. Tunu alizijua sauti zote za nyumba ile ya vyumba viwili: kifuniko cha kopo la sukari, komeo la choo, bawaba ya dirisha inayolia upepo ukigeuka. Hii haikuwa mojawapo. Ilitoka sebuleni, na sebuleni alikuwa amemwacha binti yake, Kidawa, mwenye miaka mitano, akicheza peke yake.

Akaenda huku akiugusa ukuta, kiberiti mkononi. Akawasha njiti.

Kidawa alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, amepakata kichanga alichokiviringisha vizuri kwenye kanga ya mama yake. Kichanga hicho kilikuwa na pua ndefu, nyeusi, ya chuma, na pua ile ilikuwa imeegemea chini ya kidevu cha Kidawa.

"Mama, hataki kulala," alisema mtoto. "Nikimvuta sikio analia. Sikiliza."

"Usimvute!" Sauti ilimtoka Tunu nyembamba, kama ya mtu mwingine. Akaishusha. "Usimvute, mwanangu. Amechoka. Toa mkono wako, uweke kichwani kwako. Hivyo hivyo. Tuone nani ataweza kukaa na mikono kichwani."

Njiti ikamuunguza kidole, ikazimika. Ilimbidi amalizie kazi gizani, kwa kupapasa, vilevile alivyokuwa akiyatafuta mawe kwenye mchele.

*

Sasa msomaji asije akadhani kwamba nyumba ile ilikuwa ya majambazi. Ilikuwa nyumba ya mtumishi mwaminifu wa serikali, na bastola ile ilifika pale kwa hotuba, tarumbeta na soda.

Katika nchi hiyo, ambayo jina lake halitatajwa kwa kuwa nchi jirani zingelalamika kwamba zimesahauliwa, mtumishi akipandishwa cheo hapewi ofisi mpya wala kiti cha kuzunguka. Hupewa bastola. Shomari, mume wa Tunu, alikuwa amegonga mihuri kwa miaka minane bila kukosea hata mmoja, na serikali ikaona si haki kumwacha hivi hivi. Akafanywa Msaidizi wa Pili wa Mlinda Mhuri, akakabidhiwa Bastola ya Heshima yenye jina lake limechorwa ubavuni, na cheti chake cha kuzaliwa. Cheti cha bastola, maana yake. Kidawa mwenyewe alikuwa bado anangojea cha kwake, mwaka wa tano huo; Idara ya Vizazi ilikuwa imeishiwa karatasi.

Na bastola kama hiyo haiwekwi popote tu. Inawekwa sebuleni, juu ya kigoda cha miguu mitatu, juu ya kitambaa cha kufuma ambacho mke wa mwenye cheo amekifuma kwa mikono yake. Kigoda lazima kiwe kifupi, kimo cha shubiri moja na nusu, ili kila mgeni aingiaye ainame kuisalimu bastola kabla ya kumsalimu mwenye nyumba. Mwasisi wa Taifa alikipima mwenyewe. Alitaka watu wazima wote wainame. Kwamba kimo hicho ndicho hasa kimo cha mkono wa mtoto anayetambaa, hilo halikumjia, au lilimjia akiwa na mengine ya kufanya.

Zaidi ya hayo, bastola lazima iwe na risasi zake sita, kwa sababu bastola tupu huifanya serikali ionekane ina njaa. Na haifungiwi. Kufungia kitu ni kukionea haya, na kuionea haya serikali ni uhaini mdogo, unaotofautiana na uhaini mkubwa kwa miaka miwili tu ya kifungo.

Siku bastola ilipofika Tunu alipiga vigelegele. Kwa nini asipige? Alikifuma kitambaa kwa uzi mweupe na wa waridi, wiki mbili nzima, akakipiga wanga mpaka kikasimama chenyewe.

*

Shomari aliporudi jioni ile alimkuta mkewe ameketi kwenye kiti, bastola ipo juu ya kabati la vyombo, na Kidawa amelala kwenye mapaja yake ingawa alikwisha kuwa mkubwa wa kupakatwa.

"Mama Kidawa, mbona kigoda kitupu?"

"Mtoto ameichukua."

"Ameipeleka wapi?"

"Kidevuni kwake, baba Kidawa. Ameipeleka kidevuni kwake, akawa anaivuta lile sikio la nyuma."

Shomari alikwenda kufunga dirisha. Akageuka kuuangalia ukuta wa jirani. "Sema polepole. Bi Mosi atasikia."

"Na asikie! Ilikuwa na risasi?"

"Sita," alisema Shomari, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti, kisha fahari ikazama. "Wanakuja kukagua kila Ijumaa. Nikiitoa hata moja wataniandika."

"Kuna lile sanduku la bati la marehemu bibi. Lina kufuli. Tuitie humo, tuning'inize ufunguo kwenye shingo yako. Watu wakija uitoe, wainame, waondoke, uirudishe. Nani atajua?"

"Unataka nirudishwe kwenye meza ya kugonga mihuri?"

"Nataka mwanangu afike darasa la kwanza."

Shomari akasogea kwa mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa miaka minane akimwangalia mkubwa wake kabla ya kupiga chafya. Alimshika mtoto mguu, akaupapasa unyayo wake kwa kidole gumba kwa muda mrefu, kisha akanyanyuka, akaichukua bastola kabatini kwa mikono miwili na kuirudisha juu ya kitambaa cha waridi.

*

Tunu alikuwa na siri moja ya kumpa moyo. Alikuwa anasoma. Jioni tatu kwa wiki alikwenda kwenye darasa la watu wazima, magoti yakigonga madawati ya watoto, na kwa kuwa vitabu havikuwapo, mwalimu aliwasomesha kwa kutumia Kitabu cha Sheria za Nchi, ambacho kilipatikana kwa wingi kwani hapakuwa na mtu aliyekihitaji. Humo ndimo Tunu alimosoma Kifungu cha Tisa: *Mmiliki wa silaha atawajibika kuihifadhi mahali isipoweza kufikiwa na mtoto, na asipofanya hivyo atashitakiwa yeye.*

Alikisoma mara tatu. Mara ya kwanza ili asome, mara ya pili ili aelewe, mara ya tatu kwa sababu kilimfurahisha. Maneno yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa, hata Bi Mosi angeyaelewa. Akayanakili kwenye daftari lake, na asubuhi baada ya ile sauti ya gizani akavaa gauni lake la sikukuu, akambeba Kidawa, akaenda kwenye Idara ya Kutenganisha Watoto na Silaha.

Mlangoni palibandikwa: WATOTO HAWARUHUSIWI. Tunu akamwacha Kidawa kwa mama muuza maandazi nje, akaingia.

Afisa aliitwa Bwana Kitwana. Alikuwa na uso mpana wenye huruma nyingi, huruma ya mtu ambaye hajawahi kuombwa kitu akakitoa.

"Kifungu cha Tisa!" alisema, akashika moyo. "Dada yangu, umenigusa. Nilikuwapo siku kinapitishwa. Tulikipigia makofi tumesimama, robo saa nzima. Wengine walilia."

"Basi naomba kitekelezwe nyumbani kwangu."

"Kinatekelezwa kila siku! Hebu tukisome pamoja. 'Isipoweza kufikiwa na mtoto.' Hapo kuna vitu viwili: kuna bastola, kuna mtoto. Tunataka vitengane. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa katika hivyo viwili, kipi kina cheo?"

Tunu alilitazama daftari lake.

"Sema tu, dada, hapa ni kwenu."

"Bastola."

"Ahsante! Na je, mwenye cheo husogezwa ampishe asiye na cheo?" Bwana Kitwana akafungua droo, akatoa fomu ya kurasa tisa. "Hii ni Fomu ya Kumsogeza Mtoto. Hapa jina la bastola. Tarehe yake ya kuzaliwa. Afya yake: kama ina kutu, ama imewahi kuanguka. Hapa chini, kwenye ukingo, unaandika jina la mtoto, kama pamebaki nafasi. Hapa, tabia ya mkono wake."

"Mkono una tabia gani? Ana miaka mitano."

"Andika 'mdadisi.' Wote huandika hivyo."

Tunu alikipitia kile kitabu cha fomu, ukurasa baada ya ukurasa. "Na mwenye bastola? Hapa imeandikwa 'atawajibika.' Anawajibika nini?"

"Mengi sana," alisema Bwana Kitwana kwa upole. "Anawajibika kumripoti mtoto."

*

Ijumaa Bwana Kitwana alikuja mwenyewe, ana futi ya fundi cherehani shingoni na kipande cha chaki mfukoni. Akainama mbele ya kigoda mpaka tai ikagusa sakafu. "Shikamoo, mheshimiwa," akaiambia bastola. "Pole na joto." Akahesabu risasi, akaridhika. Ndipo akamgeukia Kidawa.

Alimpima mkono ukiwa umekunjwa, ukiwa umenyooka, na ukiwa unanyooka kutafuta peremende ambayo Bwana Kitwana alikuwa ameishika makusudi kwa mbali. Vipimo vyote akaviandika. Peremende akairudisha mfukoni.

"Sheria inataka umbali wa hatua nne za mtu mzima na mkono mmoja wa mtoto," alitangaza, akaanza kupiga hatua kutoka kwenye kigoda. Kwa bahati mbaya sebule ilikuwa na upana wa hatua tatu. Bwana Kitwana alisimama ukutani, akafikiri, akatoka mlangoni, akazunguka, akaonekana tena ndani ya jiko la jirani akichora chaki chini ya mafiga.

"We bwana!" sauti ya Bi Mosi ikapasuka. "Unachora nini jikoni kwangu? Huoni nimebandika ugali?"

"Mstari wa usalama, bibi. Mtoto wa nyumba ya pili haruhusiwi kuvuka kuelekea kwao."

"Haruhusiwi kuvuka kwenda kwao? Kwa hiyo atakaa wapi?"

"Hapa."

"Hapa kwangu?"

"Kisheria, ndiyo. Mpaka mkono wake utakaporefuka. Hapo tutakuja kumsogeza tena, pengine hadi barabarani."

"Loh! Na mkisogeza kile kichuma, mtavunjika viuno?"

Bwana Kitwana hakusikia. Alikuwa amekwisha kurudi kwa Tunu, akimsainisha. "Nikushauri kama ndugu," alisema akipangusa chaki viganjani. "Wazazi wema hawawaharakishi watoto kukua. Mpunguzie uji."

Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, Kidawa alihamia kwa Bi Mosi, na kwa mujibu wa mapenzi alikuwa akirudi kila baada ya dakika tano. Tunu alikuwa akipika huku amemshika mkono. Alikuwa akifua amemshika mkono. Usiku alimfunga upande wa kanga kiunoni na upande mwingine akaufunga kiunoni mwake. Tabia ya mkono: mdadisi.

*

Kisha Mtaa wa Tatu, nyumbani kwa Mkuu wa Vipimo na Mizani, mtoto mmoja aitwaye Makame alivuka mstari.

Alikuwa na miaka sita. Kaka yake alikuwa na minane, na ndiye aliyeinama kwenye kigoda kuonyesha jinsi wageni wanavyosalimu, akainuka na bastola mkononi.

Mazishi yalikuwa ya kitaifa. Waziri alikuja, na bendi, na mahema ya rangi tatu. Jeneza lilikuwa fupi mno hata wale wapiga saluti wanne waliopangiwa kulibeba walikuwa wakikanyagana visigino, na mmoja ikabidi aachie, akatembea pembeni mikono mitupu, bado akiwa ameweka bega lake kama aliyebeba.

"Wananchi," alisema Waziri, "leo ni siku ya majonzi na ni siku ya kujipongeza. Ni majonzi kwa sababu tumempoteza kijana aliyekosa nidhamu ya umbali. Na ni pongezi, kwa nini? Kwa sababu ripoti ya wataalamu inathibitisha kwamba bastola ile, iliyokaa kigodani miaka kumi na moja bila kuguswa, ilifanya kazi kwa mara ya kwanza pasipo kukwama. Ni nchi ngapi duniani zinaweza kusema hivyo? Naomba tuipigie makofi."

Walipiga. Mikono ya watu hupiga makofi yenyewe ikizoea. Bastola yenyewe haikuhudhuria. Ilikuwa imepewa mapumziko ya siku saba kwa mshituko ilioupata. Mkuu wa Vipimo na Mizani alipewa pole na Waziri, kwa kushikwa mikono yote miwili. Kaka wa marehemu aliletwa mbele asome barua ya kuiomba radhi bastola, lakini hakuweza kusoma, alikuwa anatetemeka taya, basi karani akamsomea, naye akatikisa kichwa kila penye nukta.

Mama wa Makame aliketi safu ya tatu. Safu mbili za mbele zilikuwa za wenye vyeo. Mapajani alikuwa na bahasha ya serikali, na Tunu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliweza kusoma juu ya bega lake. Haikuwa rambirambi. Ilikuwa Onyo la Kwanza, kwa mzazi ambaye mtoto wake amevuka mstari, na chini kabisa paliandikwa: *Kosa hili likirudiwa na mtoto huyohuyo, hatua kali zitachukuliwa.*

Tunu alitoka kwenye hema, akaenda nyuma ya lori la bendi, akatapika. Alitapika uji, akatapika maji, na maji yalipokwisha akabaki ameinama vilevile anatema mate, kwa sababu kinyaa kile hakikuwa tumboni.

*

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Akalivuta sanduku la bati la bibi kutoka uvunguni, akatoa kanga za zamani, akaichukua Bastola ya Heshima kwa vidole viwili kama anayeokota panya, akaitia. Akafunga. Kufuli ilikuwa kubwa, ya shaba, na ilipojifunga ilitoa mlio ambao Tunu aliona ni mtamu kuliko tarumbeta zote za serikali. Ufunguo akautunga kwenye uzi wa waridi uliobaki kwenye kile kitambaa, akauvaa.

Kitambaa akakiacha kigodani. Shomari aliporudi alikiinamia kwa mazoea, akasema "Shikamoo, mheshimiwa," akawa ameinama hivyo hivyo kwa kitambo, akiangalia nyuzi.

"Iko wapi?"

"Nimeifungia."

"Mama Kidawa!"

"Nimetoka kumzika mtoto wa watu. Ukitaka ufunguo huu hapa, njoo univue."

Shomari akasimama. Akamwangalia mkewe, akauangalia ule ufunguo unaopanda na kushuka kwa pumzi. Hakwenda kuuvua. Wala hakusema amefanya vema. Alikivuta kiti, akaketi, akala chakula chake. Alipomaliza akamwita Kidawa kutoka kwa jirani, akamweka kwenye paja lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu apande cheo.

Amani hiyo ilidumu hadi Ijumaa. Bwana Kitwana aliinama, akapapasa kitambaa kwa pua, akanyanyuka polepole, na ule uso wa huruma ukawa umekunjamana kwa uchungu wa kweli. Hati ya mashitaka ililetwa jioni hiyohiyo. Mshitakiwa wa kwanza: Tunu, kwa kumweka kizuizini Mheshimiwa Bastola kinyume cha sheria na kumnyima hewa. Mshitakiwa wa pili: Kidawa, kwa kuwa na mkono. Mlalamikaji: Shomari, mmiliki, ambaye heshima yake imejeruhiwa.

"Mimi sijalalamika," alisema Shomari.

"Utalalamika tu," alisema Bwana Kitwana. "Imekwisha pigwa chapa."

*

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Bastola ilikuwa imetolewa sandukuni na kuletwa pamoja na kigoda chake na kitambaa chake, ikawekwa katikati ya ukumbi, na kila mwenye cheo aliyeingia aliinama. Tunu alikuwa kizimbani, askari wa kike amemshika kiwiko. Kidawa alikuwa karibu naye, juu ya tofali ili aonekane. Shomari aliketi upande wa walalamikaji, amevaa suti ya kupandia cheo, anatoka jasho.

Mwendesha mashitaka alieleza mateso: siku sita katika sanduku, pamoja na kanga za zamani, pasipo kuinamiwa na mtu. Baadhi ya watu walitoa vitambaa vya jasho, wakajifuta macho. Hakimu alimgeukia Tunu.

"Una la kusema?"

Tunu alifungua daftari. Alisoma Kifungu cha Tisa chote, taratibu, asikose hata mkato. *Atashitakiwa yeye.*

"Umejifunzia wapi kusoma?" aliuliza Hakimu.

"Darasa la jioni, mheshimiwa."

"Ndiyo maana. Sheria husomwa asubuhi, akili ikiwa bado nyepesi." Watu wakacheka, akasubiri wamalize. "Binti, hofu yako inatusikitisha. Bastola ya Heshima haijawahi kumdhuru mtoto mwenye adabu. Tatizo si chuma, tatizo ni malezi."

"Naomba ithibitishwe hapahapa!" alidakia mwendesha mashitaka, ambaye alikuwa anatafuta uhamisho wa kwenda makao makuu. "Mheshimiwa, uchorwe mstari. Bastola ibaki mahali pake, ikiwa na risasi zake. Mtoto aachiwe. Taifa lione sheria inavyowatenganisha bila kufuli ya mtu!"

Makofi yakalipuka. Bwana Kitwana akachora mstari wa chaki, mnene, mzuri, na akamwonyesha Kidawa kwa kidole. Risasi zikahesabiwa kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Msifanye hivyo," alisema Tunu. "Jamani, msifanye hivyo. Nifungeni. Nifungeni hata miaka miwili, lakini mwanangu msimwachie!" Askari akambana kiwiko.

"Mtoto," alisema Hakimu kwa sauti ya babu, "uko huru."

Kidawa alishuka kwenye tofali. Alitembea mpaka kwenye mstari, akauangalia, akaupita. Kandambili zake ziliufuta hapo katikati. Akafika kwenye kigoda. Akainama vizuri kabisa, mikono mgongoni, kama alivyowaona wakubwa wake wote wakifanya. Halafu akaichukua.

Aliishika kwa mikono miwili, akageuka polepole kuwatazama watu, ili nao waone kwamba ameweza.

Hapo mahakama ilifanya kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Waliokuwa madirishani walianguka nje kama maembe. Mwendesha mashitaka aliingia chini ya meza yake, akakuta Bwana Kitwana amekwisha fika. Karani wa kuandika mwenendo wa kesi alijifunika daftari. Waziri, aliyealikwa kushuhudia, alilala kifudifudi nyuma ya mkewe. Hakimu aliteremka kitini wima, kama mtu anayezama majini, na wigi lake likabaki juu ya meza. Tunu alisikia kiwiko chake kiko huru, maana askari wa kike alikuwa tayari sakafuni. Akapanda ukingo wa kizimba, kanga ikanasa, akaivuta, ikakataa.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliye karibu zaidi. Shomari alikuwa amepiga magoti. Si kujificha. Alikuwa anatembea kwa magoti kumwelekea mtoto, mikono wazi, na ile pua nyeusi ilikuwa inamtazama kwenye kifungo cha tatu cha suti yake.

"Nipe, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Taratibu. Usivute chochote. Niwekee kiganjani."

Kidawa akamwekea kiganjani.

Shomari aliinyanyua mbali naye. Akaanza kuzitoa risasi; ya kwanza ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza ya mwendesha mashitaka, ambako mtu alipiga yowe. Nyingine tano akazitoa moja moja, akazitia mfukoni. Kisha akabaki amekaa sakafuni, chuma kitupu kiko pajani, jina lake limechorwa ubavuni, na Tunu akafika, kanga imepasuka, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja kwa nguvu hata Kidawa akalalamika.

"Ni yangu," alisema Shomari kwa sauti kubwa, kwa ukumbi mzima. "Mimi ndiye niliyeiweka chini, mtoto akaifikia. Andikeni mimi. Kifungu cha Tisa. Andikeni jina langu, cheti chake ninacho."

Hakuna aliyeandika. Kalamu ilikuwa mezani, viti vilikuwa vitupu safu kwa safu, na nyuma ya meza ya Hakimu zilionekana nyayo mbili za viatu, zimetulia.

Kidawa alichungulia juu ya bega la baba yake, akaupitishia macho ukumbi wote, upande huu mpaka upande ule.

"Baba," alisema, "wote wamejificha."